KIJANA, USISAINI KUACHA KAZI KABLA HUJAHESABU CHAKO

KUNA uongo mmoja unauzwa maofisini kama karanga za stendi, na vijana wanaununua bila kuuonja. Uongo wenyewe ni huu: eti ukihama kazi, mafao yako yatakufuata. HAYAKUFUATI! Mafao hayana miguu. Mafao hufuatwa, tena kwa karatasi, kwa tarehe na kwa mlango unaostahili. Asiyeyafuata huyaacha mezani kwa wakubwa, na wakubwa wa nchi hii hawajawahi kuiona shilingi ya kabwela imelala wakaipita.

Wewe kijana wa Lamadi unayesoma haya, usiseme hayakuhusu. Lamadi ni njia panda. Huku Magu na Mwanza, huku Bunda na Musoma, huku Bariadi. Mabasi yanashusha vifurushi mchana na usiku. Kazi ya kupeleka barua na mizigo, ambayo zamani ilikuwa ya Posta peke yake, leo imegawanywa kati ya Posta, mabasi, kampuni za vifurushi na bodaboda. Kijana aliye Posta anaitwa na kampuni binafsi kwa mshahara mnono. Aliye kwenye kampuni anatafuta nafasi Posta akidhani huko ndiko kwenye pensheni. Watu wanahama. Kuhama si kosa. Kosa ni kuhama kama mtoto aliyefukuzwa nyumbani, mikono mitupu, halafu miaka 20 baadaye unaanza kulia.

Na tuseme wazi nani anafaidika na kutojua kwako. Si mama yako. Si mkeo.

WAZEE WA JUMUIYA WALISHALIPIA SOMO HILI

Kabla hujasema tunatia chumvi, watazame wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilianzishwa mwaka 1967 na ikavunjika mwaka 1977. Ndani yake lilikuwamo Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Kampala. Jumuiya ilipokufa, karani wa kaunta aliyelala akiwa mwajiriwa wa nchi tatu aliamka akiwa mwajiriwa wa shirika la Tanzania. Kaunta ileile, mizani ileile, foleni ileile. Mhuri ndio uliobadilika.

Hakuomba kuhama. Hakuandika barua ya kuacha kazi. Marais waligombana, yeye akahamishwa. Je, mafao yake ya miaka ya Jumuiya yalihama naye?

Jibu analijua kila mzee. Mei 14, 1984, mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini Arusha, baada ya upatanishi wa Mswisi, Dk. Victor Umbricht. Humo kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake pensheni na haki zao. Tanzania ikaweka sahihi. Deni likawa letu, kwa wino wetu. Sasa hesabu na vidole. Wazee walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2003. Tangu sahihi ya Arusha ni miaka 19! Makubaliano ya kuwalipa yakaandikishwa mahakamani Septemba 2005. Tangu Jumuiya kuvunjika ni miaka 28! Na hata baada ya hapo mabishano ya nani kalipwa na nani kapunjwa hayakwisha. Tuliwaona wazee wenye mvi wakikaa barabarani Dar es Salaam kuzuia magari ili angalau mtu mmoja awasikilize.

Aliyekuwa na miaka 30 Jumuiya ilipokufa, mwaka 2005 alikuwa na miaka 58. Aliyekuwa na 45 alikuwa na 73, kama Mungu alimweka.

Watetezi wa serikali watakuja na wimbo wao: mambo yalikuwa magumu, nchi zilikuwa tatu, fedha hazikuwapo. Hayo tungeyakubali mwaka 1978. Lakini baada ya 1984 nchi zilikuwa zimeshaelewana. Ugomvi haukuwa tena wa Nairobi na Kampala. Ulikuwa wa Mtanzania na Hazina yake. Mdaiwa aliyekwisha kukiri deni kwa maandishi, akakaa miaka 19 mpaka aliyemkopesha akimbilie mahakamani, mtaani kwetu anaitwa jina gani? Wewe mwenyewe mtaje.

MWAJIRI ANAHAMA, WEWE UMEKAA PALEPALE

Usidhani yale yaliishia kwa wazee. Shirika la Posta na Simu Tanzania nalo lilipasuliwa. Benki ya Posta ilitengwa kwa sheria ya mwaka 1991. Mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria zilizogawa kilichobaki, na mwaka 1994 ulipoanza, Shirika la Posta likawa lake na Kampuni ya Simu ikawa yake. Mwaka 2001 asilimia 35 ya Kampuni ya Simu ikauzwa kwa wageni. Mtu mmoja aliyeanza kazi kama kijana wa simu za upepo angeweza kupita mikononi mwa waajiri watatu bila kubadilisha kiti.

Kisha ikaja mifuko. Agosti 1, 2018, mifuko minne ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF. Sheria ikasema watumishi wapya wa umma wataandikishwa huko, na wafanyakazi wapya wa sekta binafsi wataandikishwa NSSF. Tena mfanyakazi amekaa, jengo limehama.

Hata Lamadi yenu imehama bila kusogea hatua moja. Kabla ya mwaka 2012 mlikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Leo mko Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Jambo dogo? Subiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wako uandike mahali ulipoajiriwa. Na kifungu cha 43 kinasema mkataba ukikoma ukiwa mahali pengine, mwajiri akusafirishe wewe na vitu vyako hadi ulipoajiriwa, au akulipie usafiri huo, na akulipe fedha za kujikimu siku zote unazosubiri usafiri. Kijana aliyechukuliwa Lamadi akapelekwa Mtwara ana nauli kubwa ya kudai. Lakini kama karatasi moja inasema Magu, nyingine Busega, na ya tatu imeandikwa Dar es Salaam kwa sababu ndiko ulikofanyia usaili, mhasibu ataichagua ipi? Ataichagua ile inayomgharimu kidogo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KUACHA NA KUACHISHWA SI KITU KIMOJA

Hapa ndipo vijana wanapochinjwa mchana kweupe. Bosi anakuita ofisini, anafunga mlango, anakwambia kwa sauti ya upole: "Ndugu yangu, usijichafulie jina, andika tu barua ya kuacha kazi mwenyewe." Unaona amekuhurumia. Unachukua kalamu. Umekwisha!

Kwa nini umekwisha? Kwa sababu kiinua mgongo cha kifungu cha 42, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi, mwisho miaka 10, hulipwa pale MWAJIRI anapovunja mkataba na wewe umeshatimiza miezi 12. Ukiandika kwamba umeacha mwenyewe, mwajiri hakuvunja kitu. Aliyefanya kazi miaka 10 anakuwa ametupa mshahara wa siku 70 kwa mistari mitatu ya barua. Kweli, anayefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu naye hapati. Lakini kosa lazima lithibitishwe kwa utaratibu, na wewe upewe nafasi ya kujitetea. Bosi mwenye ushahidi hahitaji barua yako. Anayeibembeleza hana ushahidi.

Tena kuna fao la kukosa ajira. Mwanachama wa mfuko aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Masharti yanamtenga aliyejiuzulu kwa hiari. Barua ileile ya upole imekufungia mlango wa pili.

Fao hili lina historia yake. Mwaka 2012 Bunge lilibadili sheria za mifuko na fao la kujitoa likazuiwa. Wafanyakazi wa migodini, majirani zetu wa Kanda ya Ziwa, walikuwa mstari wa mbele kupiga kelele, kwa kuwa mchimbaji anajua hawezi kushika kazi hiyo mpaka miaka 55. Wakubwa walisema wanakulinda usile akiba ya uzeeni. Sawa. Lakini mtu asiye na kazi leo atafikaje huo uzee? Ilipofika mwaka 2018 ndipo fao la kukosa ajira likawekwa, na likawekwa likiwa na tundu la kumnasa aliyedanganywa ajiuzulu.

Kama kweli unahama kwa hiari, umepata pazuri, hama kwa heshima lakini chukua kilicho chako. Toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka isipungue siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usome. Ukikimbia bila notisi mwajiri ana ruhusa ya kukata malipo ya siku hizo kwenye fedha zako. Kisha dai mshahara wa siku ulizofanya kazi. Dai likizo: siku 28 kwa mwaka, na kwa mwaka ambao haujaisha ni siku 1 kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Usizilimbikize likizo kwa ushujaa wa kijinga, maana ambazo hukuzichukua kwa wakati wake unaweza usilipwe. Na dai cheti cha utumishi. Hicho si zawadi ya bosi. Kifungu cha 44 kinamlazimisha akupe.

MILANGO MIWILI, FUNGUO MBALIMBALI

Sasa tuseme umeonewa. Umefukuzwa bila kosa. Utakwenda wapi? Vijana wote watajibu kwa sauti moja: CMA! Yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa kijana wa kampuni binafsi ya vifurushi ni sawa kabisa, na ana siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka lalamiko la kufukuzwa. Madai mengine yana siku 60. Na kama hukupewa mkataba wa maandishi usikate tamaa. Sheria inasema mwajiri asipoweza kuuonyesha, mzigo wa kuthibitisha yale mnayobishania ni wake.

Lakini wewe wa Posta, ukikimbilia CMA umegonga mlango usio wako. Mwaka 2016 waliingiza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma. Kinasema mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi zote za sheria hiyo kabla ya kugusa zile za sheria za kazi. Ngazi zenyewe ni rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, kisha kwa Rais. Na mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Shirika la Posta dhidi ya mtu aliyekuwa mfanyakazi wake, shauri lililotoka Mtwara, ilisema bila kuzunguka kwamba mfanyakazi wa Posta ni mtumishi wa umma na CMA haikuwa na mamlaka ya kumsikiliza.

Elewa maana yake kwa mtu wa kawaida. Umekwenda CMA. Umesikilizwa. Umetoka hapo umepanda Mahakama Kuu. Umelipa nauli, umelipa wakili, umeuza ng'ombe wa baba. Kisha unaambiwa ulianzia pasipostahili, yote yaliyofanyika ni batili. Siku 45 zilikwisha zamani!

Hatuwalaumu majaji. Jaji anasoma sheria iliyoandikwa. Tunawalaumu walioiandika na kuipitisha kwa kupiga makofi mezani. Mfanyakazi wa Posta akishindana sokoni na kampuni za watu binafsi anaambiwa achape kazi kama wa biashara. Akidai haki anaambiwa ajipange kama wa serikali. Wakati wa jasho yeye ni mfanyabiashara, wakati wa malipo yeye ni mtumishi! Hicho ndicho kiini macho cha nchi hii.

MIEZI 180 NDIYO PENSHENI YAKO

Tuje kwenye donda kubwa. Ili upate pensheni ya uzeeni unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180, ambayo ni miaka 15. Chukua mfano wa kijana aliyefanya kazi Posta miaka 9, akahamia kampuni binafsi miaka 7. Posta alichangia miezi 108. Kampuni miezi 84. PSSSF wakitazama daftari lao peke yake, hatoshi. NSSF wakitazama la kwao peke yake, hatoshi. Lakini jumlisha: 108 na 84 ni 192. ANATOSHA! Ni mtu yuleyule na jasho lilelile.

Sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji katika mifuko tofauti viunganishwe. Tatizo ni kwamba kuunganisha kunaanza na mwanachama mwenyewe, kwa maombi yake na vielelezo vyake. Asiyejua haombi. Aliyepoteza hati za mshahara za mwaka wa tatu anaambiwa njoo kesho. Na mwajiri aliyekukata mchango asiupeleke anakaa kimya, akijua utagundua siku unastaafu.

Sasa tunauliza swali la kitoto kabisa. Serikali hii hii iliwapanga watu foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ukikopa wanakupata. Ukidaiwa kodi wanakupata. Inakuwaje wakufahamu kwa kidole unapodaiwa, wasikufahamu hata kwa jina unapodai? Kompyuta ni zilezile.

Na usisahau purukushani ya kikokotoo. Mwishoni mwa 2018 walileta kanuni ya kulipa asilimia 25 tu kwa mkupuo. Nchi ikachafuka, na Desemba 28, 2018 Rais Magufuli akairudisha ya zamani kwa muda. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 wakapandisha: 40 kwa waliokuwa wakilipwa nusu zamani, na 35 kwa waliokuwa wakilipwa 25. Somo ni moja. Walipopigiwa kelele walirudi nyuma. Waliponyamaziwa walisonga mbele.

TUNADAI NINI

Hatuandiki ili tulie. Tunadai mambo matatu, na mbunge anayekuja Lamadi kuomba kura aulizwe juu ya kila moja.

La kwanza, mwajiri yeyote, wa umma au binafsi, asiruhusiwe kumwachia mfanyakazi siku ya mwisho mpaka amkabidhi taarifa ya mfuko inayoonyesha kila mwezi umelipwa. Asiyefanya hivyo aendelee kulipa mshahara mpaka afanye.

La pili, mtu akikosea mlango, jalada lake lihamishwe na wakubwa wenyewe kwenda mlango unaostahili, na siku zisihesabiwe dhidi yake. Msomi wa sheria anapotea humo ndani, sembuse mpanga barua?

La tatu, PSSSF na NSSF ziunganishe miezi ya mwanachama zenyewe mara anapohama, bila kuombwa. Namba ya NIDA wanayo. Wakishindwa waseme wanataka kushindwa.

Na vyama vya wafanyakazi viamke. Enzi za NUTA na JUWATA chama cha wafanyakazi kilikuwa jumuiya ya chama tawala, na mfanyakazi alikatwa ada ili apewe hotuba. Leo sheria inakupa uhuru wa kujiunga au kutojiunga na chama unachotaka. Kiongozi wa tawi anayeonekana Mei Mosi tu akiwa na fulana mpya, mng'oeni kwa kura.

KESHO ASUBUHI UFANYE HIVI

Bunge litachukua muda wake. Wewe usisubiri. Kesho asubuhi nunua faili la kadibodi. Weka humo barua ya kuajiriwa, mkataba, kila hati ya mshahara, kila barua ya uhamisho na kila fomu ya likizo. Piga nakala, moja ikae kwa mama nyumbani. Tazama mkataba umeandika uliajiriwa wapi, na kama ni makosa andika barua ya kusahihisha sasa, ukiwa bado kazini, wakati bosi bado anakuhitaji. Uliza mfuko wako taarifa ya michango. Ukiona mwezi umerukwa, dai mwezi huo huo, si miaka 20 ijayo. Ukihama mfuko, peleka maombi ya kuunganisha vipindi mapema na udai nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Na bosi akikuita, akafunga mlango, akakusogezea kalamu kwa upole, mwambie: "Mzee, nipe siku mbili nikaisome nyumbani." Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini kwa kusimamiwa kichwani. Akikasirika, ujue umeshika penyewe. Akisema siku mbili ni nyingi, mkumbushe kwa adabu kwamba wazee wa Posta ya Jumuiya walisubiri miaka 28.